Mbeya Hatukuwa na Ndugu

Mama yangu ana kaunta buku analolitunza tangu sisi tukiwa wadogo. Humo ameandika kila mchango uliowahi kuingia nyumbani kwetu: nani alileta debe la mahindi kwenye msiba wa baba, nani alitoa elfu tano kwenye harusi ya dada yetu mkubwa, nani alilala matangani siku zote tatu bila kuondoka. Akisikia kwamba mmoja wa hao amepatwa na jambo, hulifungua, akapitisha kidole kwenye mistari, kisha akatuambia tupeleke nini. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001. Kabla ya hapo, na kwa familia nyingi hata baada ya hapo, daftari la namna hii ndilo lililolipia hospitali, jeneza na ada ya shule. Ninaliheshimu sana.

Lakini daftari lina mipaka yake. La mama linaanzia Ilula tulikozaliwa, linapanda Kihesa tunakoishi sasa, linafika Mafinga kwa mjomba, basi. Mdogo wangu alivunjika mguu Mbeya, na Mbeya hatukuwa na ndugu.

Ilikuwa Juni 2016. Alikuwa utingo wa Fuso lililopakia mbao Mafinga, mbao zinazotoka kwenye misitu ya Sao Hill, likizipeleka Tunduma. Kwenye mteremko wa Inyala gari likafeli breki. Anayeijua barabara ile hahitaji kuelezwa. Ndiyo njia ya mizigo ya Zambia na Kongo, malori yanafuatana usiku na mchana, na kila kijiji kati ya Iringa na Mbeya kina kona yake inayotajwa kwa sauti ya chini. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Machi 11, 2015, kontena liliangukia basi la abiria pale Changarawe, Mafinga, wakafa watu zaidi ya 40. Kwa hiyo simu iliponifikia mimi nilikuwa nimeshaanza kulia kabla sijasikia habari yenyewe.

Aliyepiga alikuwa kijana wa bodaboda. Maneno yake ya kwanza nimeyashika mpaka leo: "Dada, shikamoo. Yuko hai. Nasema kwanza, yuko hai." Ndipo akaeleza mengine. Nimepokea na kutoa taarifa nyingi mbaya tangu siku hiyo, maana mwalimu huwa ndiye anayeitwa mtoto anapofiwa, na kila mara namkumbuka kijana yule. Alijua kitu gani kinatakiwa kusemwa kwanza, naye alikuwa amesimama kando ya barabara, viatu vyake vina damu ya mtu asiyemjua.

Magazeti yakiandika ajali kama hizi huishia kusema majeruhi walikimbizwa hospitali na wasamaria wema. Mstari mmoja, habari imekwisha. Mimi nataka kukaa kwenye mstari huo, kwa sababu ndani yake mna watu.

Fuso lilipolala mtaroni, mbao ziliteleza zikamfunika mdogo wangu kuanzia kiunoni kwenda chini. Waliokuwa shambani walikuja mbio wakaziondoa moja moja. Mama mmoja akachana khanga yake. Wakachukua mbao mbili za mzigo uleule, wakaulaza mguu katikati, wakaufunga kwa vipande vya ile khanga kuanzia nyonga mpaka kifundo. Nani aliwafundisha sijui, lakini daktari alipofungua alisema wamefunga vizuri.

Usafiri haukuwepo. Magari makubwa yalikuwa yakipita, mengine yakipunguza mwendo ili watu wachungulie. Aliyesimama ni kijana wa kirikuu aliyekuwa amepakia viazi, magunia ya lumbesa, anawahi soko la Mwanjelwa. Kirikuu ni kigari kidogo. Ukishapanga lumbesa hakuna pa kuweka hata kuku. Akashuka, akamtazama mdogo wangu, akaanza kushusha magunia. Watu wakamsaidia. Wakayapanga kando ya lami, akamwachia mtoto wa pale ayalinde, wakamlaza majeruhi kwenye bodi. Vijana wawili wakapanda naye, mmoja akiwa ameushikilia mguu mikononi njia nzima ili usitikisike kwenye matuta. Mwenye kirikuu hakuomba hela ya mafuta. Alipowafikisha mapokezi ya hospitali akageuza gari, akarudi kwenye viazi vyake. Hatukupata jina lake wala namba ya simu.

Watu huogopa kubeba majeruhi. Wanaogopa maswali ya polisi, wanaogopa mtu kufia garini mwao. Zaidi ya hapo, sote tumesikia habari za wanaofika kwenye ajali kupekua mifuko. Ni kweli hayo yanatokea, na ni aibu yetu. Ndiyo maana nataka iandikwe mahali kwamba simu ya mdogo wangu na pochi yake vilinifikia vikiwa kamili, na pesa za posho zimekunjwa vilevile alivyozikunja yeye. Kijana wa bodaboda alivitunza, akafuata nyuma ya kirikuu na pikipiki yake, akaenda polisi kutoa maelezo na kufuatilia fomu ya PF3, akakaa mpaka jioni. Pikipiki haikuwa yake. Mtu anayeendesha pikipiki ya bosi ana hesabu ya kupeleka kila siku, apate abiria asipate. Siku hiyo hakupata.

Nilifika kesho yake. Mjini kulikuwa na ile baridi ya Juni inayoingia mpaka kwenye mifupa, ukungu umeshuka, watu wamejifunga makoti na vitenge. Nilimkuta mdogo wangu kwenye wodi ya mifupa ameoshwa uso, amefunikwa shuka la maua ambalo halikuwa la hospitali. Pembeni ya kitanda chake ameketi mama wa makamo, ana bakuli la uji mkononi, anampulizia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Mwalimu? Huyu amekutaja usiku kucha. Kaa, kwanza umalize wewe kumnywesha, mimi nimwone wangu."

Wake alikuwa kitanda cha pili, kijana wa bodaboda aliyegongwa karibu na Tukuyu. Mama huyo ametoka Rungwe, amefikia kwa binamu yake mtaa wa Simike, na kila alfajiri alikuwa akitembea kwa miguu hadi hospitali na kikapu cha chakula. Shuka la maua lilikuwa lake.

Niseme kidogo hali ya mgonjwa wa paja ilivyo, kwa wasioijua. Kabla ya upasuaji mguu huvutwa: hupitishwa chuma chini kidogo ya goti, kikafungwa kamba, kamba ikapita mwishoni mwa kitanda na kuning'inizwa uzito, ili misuli isiivute ile mifupa iliyovunjika ikapandana. Mtu analala chali hivyo kwa wiki kadhaa. Hageuki. Anakula akiwa chali, anajisaidia akiwa chali, na asipoinuliwa mgongo na kusuguliwa mara kwa mara ngozi huanza kuoza. Wauguzi ni wachache, wodi imejaa. Kazi hiyo kwetu hufanywa na ndugu, na asiye na ndugu hufanyiwa na ndugu wa wengine.

Mimi nilikuwa na darasa la saba. Mkuu wangu wa shule aliniruhusu, lakini ruhusa ina mwisho, na mama yetu magoti yake hayakuweza safari ya kilomita zaidi ya 300. Nilipomweleza yule mama kwamba sijui nitamwacha vipi huyu mtoto, alinitazama kana kwamba swali lenyewe halina maana. "Nenda kafundishe," akasema. "Nikimwosha wangu nitamwosha na wako. Maji ni yaleyale."

Akafanya hivyo. Mdogo wangu ni mwanaume mzima, ana aibu zake, na siku za kwanza alikuwa akijizuia haja mpaka anatokwa jasho. Mama akamwambia: "Aibu ni ya mwenye afya. Wewe una kazi ya kupona." Alimshikia chombo, akakimwaga, akakiosha, akarudi kumpaka mafuta mgongoni. Alimletea ndizi za kwao zilizopikwa na maziwa, na supu ya kongoro, kwa sababu aliamini, kama mama zetu wote wanavyoamini, kwamba kwato za ng'ombe huunganisha mfupa. Nilimwuliza siku moja wamefikia wapi kwenye matumizi, nikajaribu kumtia noti mkononi. Aliikunja akairudisha kwenye mkoba wangu mwenyewe, bila kukasirika, kisha akaendelea kumenya parachichi.

Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi Rungwe na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alitoa kitabu mwaka 1951 kuhusu vijiji vya Wanyakyusa vya zamani, ambavyo watu hawakuvijenga kwa ukoo. Vijana wa rika moja walitoka kwa baba zao wakajenga pamoja na kuzeeka pamoja. Vijiji vya namna hiyo havipo tena, na siwezi kusema yule mama aliupata wema wake huko. Nilipomsomea mdogo wangu habari hizo baadaye alisema hata yeye hajui, ila wodi ile ilikuwa kijiji cha aina hiyo: watu wa kitanda hadi kitanda, wamekutanishwa na mfupa uliovunjika.

Wiki ya tatu kijana wa yule mama alikatwa mguu chini ya goti. Kidonda kilikuwa kimeharibika. Nilikuwapo siku hiyo. Alimsindikiza mwanawe hadi mlango wa chumba cha upasuaji, akasimama ukutani, midomo inasali. Alipotolewa akakaa naye mpaka akapata usingizi. Kisha akaja upande wetu, macho mekundu, akaniuliza kama mdogo wangu amekula. Nilishindwa kujibu. Nikamshika mikono tukalia wote wawili, na mdogo wangu naye kitandani akawa analia, na mzee wa kitanda cha tatu, Msangu mmoja mkimya sana, akavuta shuka akajifunika kichwa.

Nimefikiri sana juu ya swali lile. Sijui mtu anapata wapi nguvu ya kuuliza hivyo katika saa kama ile. Najua tu kwamba aliuliza, na kwamba mtoto wetu leo anatembea kwa miguu yote miwili.

Upasuaji wa mdogo wangu ulihitaji damu. Mfupa wa paja ukivunjika, mtu mzima anaweza kupoteza lita nzima au zaidi ndani ya paja lenyewe, nje lisionekane tone. Tukaambiwa tutafute wachangiaji. Damu haiuzwi, na ndivyo inavyopaswa kuwa, lakini maana yake ni kwamba lazima awepo mtu wa kukaa kwenye kiti na kunyoosha mkono. Mimi nilitoa. Wengine wetu wote walikuwa Iringa.

Yule kijana wa bodaboda aliyenipigia simu alikuwa bado anapita kumjulia hali. Aliposikia, akaondoka bila kusema kitu. Baada ya saa moja akarudi na kijiwe chake, vijana watano, makoti ya kuakisi mwanga bado yamo mwilini, kofia ngumu mkononi, wanasukumana mlangoni kwa haya. Wanne walitoa. Wa tano alikataliwa kwa kuwa hakufika kilo 50, akakaa kwenye benchi la nje akiwasubiri wenzake, amenuna kabisa. Nilipowashukuru mmoja wao alinijibu akitazama chini: "Dada, wodi ile sisi tunaiita ya kwetu. Leo yeye."

Walikuwepo na wengine. Muuguzi wa zamu ya usiku alileta blanketi kutoka nyumbani kwake. Siku tunamrudisha Iringa, mguu haukunjiki, abiria wa siti ndefu ya nyuma walibanana kwingine ili alale, na kondakta akamwambia dereva apunguze mwendo kwenye matuta yote mpaka Makambako. Fundi seremala wa Kihesa alimchongea magongo ya mpodo, akayapiga msasa mpaka yakawa laini kama mpini wa zamani, akakataa malipo. Alichotaka ni kimoja: akipona, magongo yarudi, kuna mwingine atayahitaji. Yalirudi, na nimeyaona kwa watu wawili tangu hapo.

Jioni moja, mdogo wangu akiwa ameanza kuweka mguu chini, mama alilifungua daftari lake. Michango ya Kihesa na Ilula ilikuwa imeshaandikwa. Akanipa kalamu, kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka, akaniambia niandike ya Mbeya. Nikauliza nitaandikaje watu tusiowajua majina. Akasema niandike walichofanya. Basi ukurasa ule unasomeka hivi: kijana wa kirikuu, alishusha viazi. Mama wa khanga, alichana khanga. Kijana wa bodaboda, siku nzima na simu. Vijana wa kijiwe, damu. Nesi wa usiku, blanketi. Mama wa Rungwe, na hapo mama akanyamaza kidogo, akasema: acha nafasi.

Kwa mama wa Rungwe tumejaribu. Tuna namba yake. Kila msimu wa vitunguu Ilula, kiroba kimoja hupanda basi kwenda Tukuyu, na kila mara basi hurudi na mkungu wa ndizi ambao hatukuuomba. Mama hawa wawili hawajawahi kuonana, lakini husalimiana kwa simu, mmoja akianza na kamwene na mwingine akijibu ndaga, kisha wanarudi kwenye Kiswahili kuulizana magoti. Mwana wa mama wa Rungwe ana mguu wa bandia na anauza vipuri vya pikipiki. Kijana wa kirikuu hatukumpata. Mdogo wangu, kila akipita Inyala, huangalia madereva.

Mwaka haujatimia tangu ajali yetu, Mei 6, 2017, redio ilitangaza kwamba basi la wanafunzi wa Shule ya Lucky Vincent ya Arusha limetumbukia korongoni Rhotia, wilaya ya Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walinusurika. Nchi nzima ililia, na nyumbani kwetu tulilia kwa namna yetu, kwa sababu mdogo wangu alikuwa bado anachechemea. Siku zilizofuata tukasikia kwamba miongoni mwa waliowatoa watoto hao ni Wamarekani wa shirika la STEMM waliokuwa wakipita barabara ile, na kwamba wamefanya mipango watoto watibiwe Sioux City, jimbo la Iowa. Wakaenda, wakatibiwa kwa miezi kadhaa, wakarudi Agosti. Watu walibishana sana redioni juu ya safari ile. Mama aliuliza jambo moja tu: hao waliosimamisha gari, walikuwa na undugu gani na wale watoto?

Nadhani hilo ndilo nililojifunza, nami nalisema kama mtu aliyelelewa na daftari. Daftari hutubeba kwa sababu tunafahamiana. Linalipa wema kwa wema, na jamii isiyo na kitu hicho ni maskini. Ila mtu anayeumia barabarani karibu kila mara huumia mbali na daftari lake. Pale mtaroni hana jina, hana ukoo, hana aliyemchangia. Maisha yake yamo mikononi mwa mtu ambaye hatapata kurudishiwa chochote na anajua hivyo tangu anapokanyaga breki. Na nisieleweke vibaya: wodi zetu zinahitaji wauguzi wengi zaidi, na haifai wema wa mama aliyetoka Rungwe na kikapu utumike kama kisingizio cha kutoajiri. Mgonjwa asiwe wa kubahatisha jirani wa kitanda. Lakini hata siku tutakapokuwa na wauguzi wa kutosha na magari ya wagonjwa kila kilomita, mtu wa kwanza kufika Inyala atakuwa mpita njia.

Mdogo wangu sasa hachangii michango mingi; kipato chake ni cha fundi wa magari pale Ipogolo. Anachofanya ni kuchangia damu, na mimi huongozana naye. Kwa hiyo wewe unayesoma, kama una miaka 18 hadi 65, uzito wako si chini ya kilo 50 na hali yako ya afya ni njema, unaweza kuchangia; hutachukuliwa hata nusu lita, na mwili wako utairudisha wenyewe. Mwanaume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Kwa Nyanda za Juu Kusini, kituo cha kanda cha Damu Salama kiko Mbeya, na hospitali ya mkoa wako itakupokea au ikuelekeze. Usisubiri uambiwe ni ya ndugu yako. Nenda wiki hii.